Hotuba ya Kuzindua Studio ya Kiamunyi, Pamoja na Ufafanuzi Kuhusu Kaseti ya Mzee Wasike

Mwakilishi wa Mwenyekiti wa Bodi, ambaye naye ametuma mwakilishi. Naibu Mkurugenzi wa Sauti. Kaimu Naibu Mkurugenzi wa Picha. Wazee wa mtaa. Maaskofu, mapasta, na ndugu zetu wa lile kanisa la mabati pale kona, ambao wamekubali kupunguza spika mpaka nimalize. Wakulima wa ngano kutoka Njoro na wenzao wa viazi kutoka Kabazi. Wanafunzi wa chuo mliokuja mkidhani hapa kuna Wi-Fi. Akina mama, vijana, watoto, na nyinyi mlioko nyumbani mnaonitazama kwa simu. Itifaki yote ikiwa imezingatiwa, na ile ambayo haijazingatiwa ikiwa imesamehewa: hamjambo? (Wachache wanaitikia.) Nimesema hamjambo. (Wanaitikia walewale.)

Kwa wasionijua, ingawa sidhani mko, mimi ni Mheshimiwa Daktari Muturi, Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Muziki na Burudani Dijitali ya Bonde la Kati, na ule udaktari ni wa heshima, yaani nilipewa bila kusumbuliwa na mitihani. Nimesimama mbele ya kontena hili la buluu, lililoandikwa STUDIO kwa herufi ambazo hata mtu aliye barabarani anaweza kuzisoma, ili kuzindua rasmi mradi ambao umepitia public participation, ukapitia benchmarking, ukapitia stakeholders wote, na mahali ambapo haukupitia, ulipitiwa. (Naibu Mkurugenzi wa Sauti anapiga makofi peke yake.)

Ndugu zangu, tumetoka mbali. Nilipokuwa mtoto, boma letu lilikuwa na redio moja, na redio hiyo ilikuwa ya baba, na betri zake zikiisha tulizianika juani pamoja na mahindi, na mtu akitaka kusikia wimbo fulani aliandika kadi ya salamu, akangoja mpaka akasahau aliomba wimbo gani. Leo hii, ingia nyumba yoyote hapa Kiamunyi saa ya jioni. Baba anatazama mpira kwa simu yake, mama anatazama drama kwa simu yake, mtoto anatazama katuni kwa tablet, na televisheni kubwa ya ukutani imewashwa kwa ajili ya wageni ambao hawajafika. Familia nzima iko sebuleni na hakuna anayemsumbua mwenzake hata kwa neno moja. Haya, waheshimiwa, ni maendeleo. (Kicheko kidogo upande wa akina mama.) Utafiti wetu unaonyesha kwamba asilimia tisini na saba nukta tatu ya wakazi wa eneo hili husikia muziki kila siku, na hao wengine ni wale tuliowahoji wakiwa kwa posho mill, mashine ya kusaga unga ikinguruma.

Lakini nisiongee kwa takwimu tu. Nitawapa mfano hai. Mzee Wasike, hebu simama watu wakuone. (Mzee mwembamba mwenye koti la kijivu anasimama katika safu ya pili, kofia mkononi. Binti yake, Joyline, amekaa kando yake na hapigi makofi.) Huyu mzee mnayemwona, baba yake alikuja hapa Nakuru kufanya kazi ya reli, na yeye mwenyewe alifanya kazi kiwandani, na kila Jumamosi akishatoka kazini alichukua gitaa, yeye na marehemu mke wake, Eucabeth, aliyekuwa na ile sauti mnayoijua wenye umri wangu. Hakuna arusi iliyofungwa kutoka Njoro mpaka Kabazi bila wao wawili. (Sauti ya mwanamke: "Kweli kabisa.") Halafu dunia ikabadilika. Wakaja vijana na laptop. Baadaye hata laptop ikaachwa, bwana arusi akawa anakuja na kaspika kadogo kama mkate wa nusu, anakaunganisha na simu yake, basi, bendi imefika. Mzee Wasike akakaa nyumbani. Kisha Mama Eucabeth akatuacha. Kikabaki kitu kimoja tu, kaseti, waliyorekodi sebuleni kwao wakiwa bado vijana, na ndani yake unamsikia hata ng'ombe wa jirani.

Ni nani aliyeikumbuka kaseti hiyo? Ni Mamlaka. Nilifika mlangoni kwa mzee mimi mwenyewe, na mpiga picha, na nikamwambia, mzee, kaseti ni teknolojia iliyokufa, tupe tuiingize kwenye mfumo, iishi milele. Akaniuliza nitairudisha lini. Nikamjibu kwa upole kwamba katika dunia ya kidijitali hakuna kurudisha, kuna kufikiwa. Akaifunga kwa kitambaa, akanipa. Hapo ndipo pilot phase, yaani awamu ya kwanza ya majaribio, ilipoanza na, kwa kiasi kikubwa, ndipo ilipokamilika.

(Mzee Wasike hajaketi. Anasema kwa sauti ya chini, lakini maikrofoni ya mbele inamnasa: "Mheshimiwa, mimi nimekuja kwa sababu ya hiyo kaseti tu. Mwaka umeisha.")

Asante mzee, swali zuri sana, na nililitarajia. Kaseti yako iko salama. Iko kwa cloud, yaani kwa wingu. (Sauti kutoka nyuma: "Wingu gani, na hapa hakujanyesha tangu Pasaka?" Kicheko.) Tafadhali tuheshimiane. Ukiwa na subira na bundles za intaneti, utafikia wimbo wako wakati wowote, mahali popote.

(Joyline anasimama. "Mheshimiwa, nambari yako ni hiyo iko kwa bango nyuma yako?")

Ndiyo, binti yangu. Mimi ni kiongozi wa mlango wazi. Mwananchi yeyote anaweza kunipigia mchana au usiku, na ofisi yangu itampokea kwa muziki kabla sijampokea mimi. Nashukuru kwa kuniuliza mbele ya umma.

(Joyline anabonyeza simu yake, anaweka loudspeaker, anaiinua juu. Mfukoni mwa Mheshimiwa simu inaanza kulia. Kutoka kwa simu ya Joyline linatoka gitaa, halafu sauti ya mwanaume, halafu chini yake sauti ya mwanamke, nyembamba na tulivu, ikimfuata bila haraka. Mbali kidogo ng'ombe analia. Watu wanageuza vichwa kuelekea ile simu. Mzee Wasike anaketi. Joyline anasema, "Nilipiga wiki jana kuuliza kaseti. Nikamsikia mama.")

Naam. Naam. Mmejisikilizia wenyewe. Nataka vyombo vya habari vinukuu kwamba hili halikupangwa. Ngoja niishike hii simu ili tuendelee.

(Mzee Wasike: "Usishike, mheshimiwa. Ukishika inakatika.")

Sawa. Sijashika. (Mheshimiwa anasimama mkono ukiwa mfukoni. Simu inalia mpaka inanyamaza yenyewe, na wimbo unakatika katikati ya neno. Mzee anaichukua simu ya binti yake kwa mikono miwili. "Piga tena," anamwambia.)

Ndugu wananchi, wakati mzee anaendelea kunufaika na mradi, niseme machache kuhusu umiliki. Kuna watu wa mitandaoni watakaouliza kwa nini wimbo wa mzee umesajiliwa kwa jina langu, kama mlio anaousikia kila anayenipigia simu. Umesajiliwa kwa jina langu kwa sababu za kiusalama. Kitu kikiwa cha kila mtu, kitaibiwa. Kikiwa changu, kinajulikana kiko wapi. Na mwananchi anaufikia bure kabisa, mradi tu mimi nisipokee simu, na nawaahidi, kama mnavyonijua, kwamba sipokei ovyo. (Simu mfukoni inalia tena. Safu ya tatu, Wamaitha, mama anayeuza maziwa hapo stage ya matatu, ametoa simu yake pia na anabonyeza nambari iliyo kwa bango. Anamwambia jirani, "Huu ndio wimbo niliingia nao kanisani siku ya arusi yangu." Wengine wanatoa zao. Simu nyingi zinasema nambari haipatikani, ina shughuli. Wanapeana nafasi: "Wacha huyu amalize, halafu wewe.") Mnaona? Nimekuwa katika utumishi wa umma miaka mingi na sijawahi kupigiwa simu na wananchi wengi hivi kwa wakati mmoja. Huu ni upendo. Mwandishi, andika engagement.

(Wamaitha amehamia kando ya Mzee Wasike. Joyline anapiga, Wamaitha anaiweka simu yake karibu na kurekodi. Watu walio karibu wanaziba midomo ya watoto. Wimbo unapokatika palepale, mzee anainua uso. "Na ubeti wa pili?" anauliza. "Wa kwanza tuliimba pamoja. Wa pili ndio Eucabeth aliimba peke yake.")

Hilo ni suala la kiufundi, mzee, lakini mimi sifichi kitu. Baada ya kuipokea kaseti, Mamlaka iliifanyia majaribio ya usikivu, yaani niliiweka kwa redio ya pickup yangu nikielekea Subukia, na ile redio, ambayo ni ya zamani, iliucheza ubeti wa kwanza vizuri sana, halafu ikaitafuna. Kwa bahati nzuri mhandisi wetu mkuu wa mfumo, Bravin, ambaye pia ni mpwa wangu, alikuwa amekaa nami mbele na alikuwa akijirekodi kwa simu yake kwa shughuli zake binafsi, na hivyo ubeti wa kwanza ukaokolewa. Utepe uliobaki uling'ang'ania ndani ya redio, na pickup nikaiuza.

(Mzee Wasike: "Kwa hivyo hakuna.")

Hapana mzee, tusitumie lugha ya kukata tamaa. Ubeti wa pili uko katika awamu ya pili.

(Mzee anavaa kofia yake. Joyline anamshika mkono na kusema, si kwa Mheshimiwa bali kwa baba yake, "Maneno unayajua. Mimi nitajaribu sauti yake. Twende nyumbani uchukue gitaa." Mzee anasema, "Sauti yako ni ya juu kidogo." Joyline anasema, "Basi utanishusha." Wanatoka kupitia katikati ya viti. Wamaitha anawafuata, simu ameikumbatia. Safu ya tatu inainuka, kisha ya nne, kisha wale wa Kabazi wote pamoja. Wanafunzi wa chuo wanauliza wanaenda wapi, wanaambiwa, nao wanafuata.)

Nawaruhusu wanaotaka kutoka watoke kwa utaratibu. Watapata hotuba nzima mtandaoni, pale itakapowekwa. Sisi tuliobaki, Naibu Mkurugenzi wa Sauti, Kaimu Naibu wa Picha, na nyinyi viti vyote mlioonyesha nidhamu tangu asubuhi, tuhitimishe kwa kaulimbiu zetu. Nikisema Muziki, mseme Mkononi. Muziki. (Kimya.) Nikisema Burudani, mseme Nyumbani. Burudani. (Kutoka upande wa nyumba za nyuma gitaa linajaribiwa, kamba moja moja.) Nikisema Muturi, mseme Tena. Muturi. (Naibu Mkurugenzi wa Sauti: "Tena.") Asante, umesikika.

Mwisho kabisa ni shukrani, kwa sababu mradi mkubwa kama huu haufanywi na mtu mmoja. Nawashukuru wahisani ambao walipouliza studio iko wapi, tuliwatumia picha ya studio ya watu wengine, na wakaipenda. Namshukuru fundi aliyechora kompyuta, spika na mitambo ukutani kwa nje, akituepusha na usumbufu wa kuvinunua na kuviweka kwa ndani. Nawashukuru wale wa stima, kwa kuwa nguzo mnayoiona hapa haijaunganishwa na kitu chochote, na kwa hivyo haiwezi kutuletea hitilafu. Na shukrani za dhati kabisa zimwendee rafiki yangu Kosgei, aliyetuazima kontena hili mpaka saa kumi na moja jioni, na ambaye lori lake limeshafika pale nyuma na linapiga honi. Sasa nitakata utepe na kutangaza kwamba Studio ya Kiamunyi imefunguliwa rasmi. Naomba tu mlango usiguswe, kwa sababu viazi vya Kosgei vimeegemea upande huu.