Pikipiki Inayopitwa na Mkokoteni wa Maji

Kwa Meneja,
Duka la Pikipiki (lile lenye pikipiki nyekundu dirishani).

Ndugu Meneja,

YAH: MWENDO WA BABA YANGU

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na wauzaji wako wote, hasa yule kaka mpole aliyenipa kalamu yenye jina la duka lenu. Ndiyo ninayoandikia. Mwalimu wetu wa lugha ametufundisha kwamba anayelalamika aanze kwa shukrani, kwa hiyo naanza: pikipiki mliyomuuzia baba ni nzuri sana, inang'aa, na taa zake zote zinawaka. Sasa nalalamika.

Unifahamu kwanza. Mimi ni binti wa fundi saa, yule mwenye kibanda pembeni mwa duka la viatu. Shuleni mimi ndiye mpiga kengele. Kengele yetu ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwa mnyororo, nami huigonga kwa kipande cha nondo. Nisipoigonga, walimu hawaingii madarasani na vumbi la uwanjani halitulii. Kazi hii nilipewa kwa sababu sikuwahi kuchelewa. Wakati huo nilikuwa nakwenda kwa miguu.

Kisha baba akanunua pikipiki, akatangaza mbele ya familia nzima, "Mwanangu hatakanyaga vumbi tena." Tangu siku hiyo nachelewa. Mwalimu Mkuu amenionya kwamba nikichelewa tena, nondo itakwenda kwa msichana mmoja wa darasa letu tunayemwita Redio. Ndugu Meneja, Redio akipewa nondo atapiga kengele kama anayefukuza nyani shambani. Siwezi kusoma nikisikia hivyo, na nadhani hata wewe usingeweza.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kijitabu cha maelekezo. Kinasema injini mpya izoeshwe kazi taratibu mpaka zitimie kilomita elfu moja, ili vyuma vyake vizoeane. Jamani, neno "taratibu" haliandikwi kwa fundi saa! Baba yangu anaweza kukaa asubuhi nzima akitafuta namna ya kudondosha tone moja la mafuta kwenye gurudumu dogo kuliko punje ya mtama. Neno lenu amelipokea kama wosia. Kijitabu kinasema pia kwamba dereva asiende kwa mwendo mmoja muda mrefu, awe anabadilisha. Baba anabadilisha. Anakwenda pole, halafu pole zaidi, halafu anarudi kwenye ile pole ya kwanza.

Kwa hiyo tunapitwa. Muuza maji alitupita akisukuma mkokoteni uliojaa madumu, akasema, "Tupishe, mzee, wengine tuna haraka." Mama muuza mkaa alitupita akiwa na gunia kichwani, akageuka yeye na gunia lake, akasema, "Shemeji, mkifika huko mtusalimie!" Baba akaahidi kuzifikisha salamu.

2. Mzigo. Kijitabu kinakataza kubeba mzigo mzito. Baba aliposoma mstari huo kwa sauti, macho yake yalikwenda yenyewe kwa Bibi, ambaye ni mama yake mzazi. Bibi akasema, "Mimi niliyekubeba mgongoni, leo nimekuwa mzigo?" Jioni hiyo hakula nasi. Mimi nimeamriwa niache kamusi nyumbani. Tena kwenye kilima cha karibu na shule nashuka ili injini isihangaike. Napanda kwa miguu, na nikifika juu nakaa kwenye jiwe kuisubiri pikipiki inayonipeleka shule.

3. Matairi. Mliyauza yakiwa na vile vinywele vidogo vya mpira. Baba ameviona ni dalili ya upya na hataki viishe. Kila jioni anavaa lenzi yake ya kazini, anachuchumaa uani na kukagua tairi moja baada ya jingine. Siku moja aliona vimepungua upande wa kushoto, tukaitwa na kuulizwa mmoja mmoja. Bibi alijibu kwamba yeye ana nywele zake mwenyewe na hana shida na za tairi. Mama amempa pikipiki jina la Bi Mdogo. Anamwambia baba bila hata kutabasamu, "Nenda kamfunike Bi Mdogo, umande usimwingie."

Tatizo, Ndugu Meneja, ni hili. Injini inataka safari ili ikomae. Matairi yanataka kupumzika ili yasichakae. Vyote viwili vimefungwa kwenye pikipiki moja. Baba akikuta kokoto anashuka na kuisukuma pikipiki kando penye majani, na kila anaposukuma injini imezimwa, haijifunzi kitu. Nimejaribu kulitatua jambo hili kwa hesabu nikashindwa, na hesabu si somo linalonishinda.

4. Mazungumzo. Nyumbani baba ni mkimya, maana katika kazi yake pumzi moja tu inapeperusha skrubu na skrubu ikishapeperuka haionekani tena. Amezoea kufunga mdomo. Lakini kwa mwendo huu tulio nao hakuna upepo, na injini inanong'ona tu, kwa hiyo kila neno linasikika. Baba amegundua hilo. Sasa ananisimulia jinsi alivyompata mama, na mimi sina pa kukimbilia kwa sababu nimekaa nyuma yake.

Inasemekana mama alipokuwa msichana alipeleka saa kutengenezwa. Baba aliimaliza siku hiyohiyo, lakini akamwambia kifaa hakijafika, arudi kesho. Kesho yake kifaa kikawa bado hakijafika. Kikaendelea kutofika. Hatimaye mama alikuja na baba yake, yaani babu yangu, mzee mwenye sharubu. Babu akaweka kiganja mezani na kusema, "Leo tunatoka humu na saa, au tunatoka na wewe." Hapo ndipo tulipofika shuleni, lango limeshafungwa. Sidhani kama ni haki mwanafunzi kuingia kwenye kipindi cha hesabu na hadithi isiyo na mwisho kichwani.

5. Jina la familia. Mwalimu wa zamu alinisimamisha mbele ya wote akasema, "Binti wa fundi saa anachelewa! Kweli mganga hajigangi." Habari imefika mjini. Mteja mmoja amemuuliza baba kama saa za watu nazo anaziendesha kwa mwendo ule.

Najua utauliza kwa nini nisirudi kutembea. Nilijaribu. Nilitoka kimyakimya baba akiwa bado anaipangusa pikipiki uani, na mama akanikuta mlangoni. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ukimwacha leo, ile furaha yake ataibeba na nani?" Nikarudi nikavaa kofia ngumu. Bibi naye husema mwenda pole hajikwai, ila lango atalikuta limefungwa.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba yafuatayo. Pikipiki zenu zizoeshwe na ninyi wenyewe kabla ya kuuzwa. Mna wauzaji, na wauzaji wana wajomba na mashemeji, wagawane hizo kilomita. Pili, mlete matairi yasiyochakaa. Kama hayapo, basi kiwekwe chumba hapo dukani ambamo mnunuzi atazoeshwa kwanza, kwa sababu nionavyo mimi injini iko tayari, mwenye pikipiki ndiye bado. Mwisho, umwandikie Mwalimu Mkuu barua yenye muhuri, umweleze kwamba kuchelewa kwangu kumetoka kiwandani.

Nisalimie wote wa nyumbani kwako, wenye pikipiki na wanaotembea, hasa wanaotembea, kwa kuwa hao wanafika. Mama anakusalimu. Bibi anakusalimu pia, lakini amesema isiwe sana. Baba angekusalimu, ila hajui kama nakuandikia.

Ni mimi mteja wenu wa kiti cha nyuma,
Mpiga kengele wa shule (kwa sasa).

Tanbihi: Kabla sijapata bahasha, kilomita elfu moja zimetimia. Baba alizima injini akatutazama kama mtu aliyefaulu mtihani, na mama akampigia makofi, naye Bi Mdogo akapigiwa kidogo. Asubuhi ya leo baba ameniambia, "Shika vizuri." Tumempita muuza maji. Tumempita mama wa mkaa, alisema kitu lakini sikukisikia. Kilimani sikushuka. Nimefika mlinzi akiwa bado anatafuta ufunguo wa lango, nikapiga kengele kwa wakati hasa, mpaka mwalimu wa zamu akaitikisa saa yake akidhani imeharibika. Kesho anaileta kwa baba. Nondo ni yangu.

Lakini njiani baba aliimalizia ile hadithi. Najua kwa sababu niliona mabega yake yakicheka. Upepo uliichukua yote, nikaambulia "basi mimi nikamwambia mzee" peke yake. Jioni nimekwenda kumuuliza alimwambia nini. Alikuwa na lenzi jichoni na skrubu mbele yake. Akainua kidole, nami nikarudi kwenye barua hii.

Kwa hiyo naomba uyafute maombi yote ya hapo juu. Kuhusu kengele usiwe na wasiwasi, tukirudia mwendo wa pole tutatoka nyumbani mapema. Sijui kwa nini wazo hili halikumjia mtu yeyote, katika nyumba yenye saa nyingi kama yetu. Nimekisoma tena kijitabu chenu, na ukurasa wa mwisho unasema kwamba tairi likibadilishwa, lile jipya nalo liendeshwe taratibu mwanzoni. Tafadhali nijulishe tairi huchakaa upesi kwa njia gani. Bibi anapendekeza breki za ghafla. Mimi, wakati nasubiri jibu lako, nimeanza na vile vinywele: leo nimeng'oa viwili, na nitang'oa viwili kila asubuhi, upande wa kulia, ambao baba hukagua mwisho jicho likiwa limeshachoka.