Pini Mdomoni

Jumatatu, 2 Septemba

Daktari wa presha kaniambia niandike hasira zangu mahali badala ya kuwamwagia watu. Haya, naandika. Presha iko palepale. Hasira nazo zipo, ila sasa zina makao mawili.

Jirani yangu wa ukuta mmoja kahamia kwa binti yake. Miaka yote tumegombana vizuri kupitia dirisha la jikoni. Nyumba yake wamepanga vijana wenye vidude masikioni. Nimewaambia kamba yao ya nguo imelegea, mashuka yanafagia chini. Wamenionyesha kidole gumba. Sasa mtu unagombana vipi na kidole gumba?

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, naye hafai. Ukimwambia chumvi imezidi, anasema asante mama. Ukimwambia pazia limepinda, asante mama. Leo kaniambia eti nahitaji marafiki. Kuna kina mama wanashona pamoja kila Alhamisi, nyumba ya geti la kijani. Nimemjibu mimi sina shida ya marafiki, nina shida ya watu wenye akili. Akasema labda wapo huko.

Nitaenda. Si kwa ajili ya rafiki. Nataka tu kuona hao watu wanashonaje. Ila kweli, chai ya kunywa peke yako ni maji yaliyooshewa vijiko.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimekwenda. Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu, anatembea na tepe ya kupimia shingoni kama daktari na kipimo chake. Mimi namwita Tepe. Kabla hata hatujakaa katusomea sheria: hapa hatukosoani, kila kazi ni nzuri kwa namna yake.

Nikatazama kazi zenyewe. Mto wa kiti uliokaa kama mkate uliokaliwa. Shuka la mtoto lenye pembe tatu na kitu kingine. Halafu mke wa kinyozi akainua aproni yake, mfuko umeshonwa mdomo chini. Namna yake hiyo ni namna gani? Nikamuuliza kwa upole kabisa kama humo ataweka upepo.

Akaenda chooni. Akakaa huko.

Tepe akanivuta hadi koridoni. Akaniambia huku anatabasamu kwamba neno moja zaidi, bibi, nitafute pengine pa kushonea. Bibi. Tunalingana umri huyu, ananizidi rangi ya nywele tu.

Lakini kulikuwa na mwanamke mmoja pembeni, mnene, mikono mikubwa, alikuwa mpishi wa kantini ya shule mpaka alipostaafu. Niliposema habari ya upepo, aliziba uso kwa kitambaa na mabega yakamtingishika. Baadaye akanisogezea sahani ya biskuti bila kuniangalia.

Huyo nimemtaka.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimewaza mchana kutwa. Kumpata Mpishi lazima nibaki kwenye kikundi. Kubaki kwenye kikundi lazima ninyamaze. Na mdomo wangu hauna kufuli, hata marehemu mume wangu alikufa bado ana jibu ambalo hakupata nafasi ya kunijibu.

Jioni nilikuwa napindia pazia la jikoni, pini nimezibana midomoni kama mafundi wanavyofanya. Mkwe akapita. Akapita tena. Akaja kunigusa paji la uso, akaniuliza kama naumwa.

Ndipo nikagutuka. Tangu nianze pazia sijamsema mtu.

Mtu mwenye pini mdomoni hakuna anayemuuliza mbona kimya. Yuko kazini. Akili nyingine huzaliwa nazo, hazifundishwi darasani.

Alhamisi, 12 Septemba

Pini zinafanya kazi. Nimeziweka getini, nimezitoa getini. Katikati nimesema "mmh" tu. Hii "mmh" ni neno tamu sana, sikulijua. Ukiishusha ni pole. Ukiipandisha ni hongera. Ukiivuta, mtu anaendelea mwenyewe.

Mke wa kinyozi kanisamehe. Tepe kaniambia nimekuwa mfano. Kitambaa cha meza yake kimekwenda upande, ukikifuata kwa macho unaanguka. Nikasema mmh.

Mpishi kakaa karibu yangu. Kanieleza mumewe tangu astaafu anamfuata jikoni kuuliza maji yatachemka lini. Nilikuwa na jibu la huyo mume, zuri, fupi. Nikalimeza. Tumbo likanguruma mpaka watu wakageuka.

Halafu kaniambia jambo lake. Binti yake wa mwisho anahitimu uuguzi, mahafali ni tarehe ishirini na nane. Mpishi anajishonea gauni la bluu, gauni lake la kwanza kushona maishani. Anasema watoto wake wote walisoma shule ile ile aliyopikia, na kila picha ya shule aliyomo, yumo na aproni. Kwenye picha ya mahafali anataka awe mama wa mtu.

Aliponishika mkono akaniita mwenzangu.

Mmh, nikasema. Na hiyo haikuwa ya kuigiza.

Alhamisi, 19 Septemba

Balaa.

Mpishi kaja na gauni limekwisha, limebaki kupigwa pasi tu. Kalifunua kwa ndani ili tuone mishono. Mishono mizuri, siwezi kusema uongo. Kola imelala kidogo kama imeamka vibaya, lakini hilo tuache. Sasa kwenye kila mkono, kwa ndani, kaandika kwa chaki ili asisahau: kulia, kushoto. Akanipa nilipime kifuani mwangu mbele ya kioo, maana tunafanana upana.

Nikalipima. Mkono ulioandikwa kulia umeangukia mkono wangu wa kushoto. Ulioandikwa kushoto umeangukia kulia.

Kabadilisha mikono.

Mkono wa gauni si soksi, kwamba wowote unaingia. Una mbele na una nyuma. Atakwenda mahafali anavutwa mabega. Na mimi nimesimama pale na pini sita mdomoni, Tepe kanikazia macho, Mpishi ananiuliza mwenzangu, limekaaje?

Nikasema mmh.

Iliteleza ikapanda juu. Kaisikia kama hongera. Kanikumbatia na pini zangu, moja ikamchoma bega, hata hakujali.

Nikisema, natimuliwa na Mpishi anaudhika. Nisiposema, anaaibika mbele ya chuo kizima. Hapo hapo akili ikaja. Wakati wa kuondoka nikatoa pini, nikamwambia anipe gauni nikalipige pasi, pasi yangu ni ya zamani, nzito, hainaga mchezo. Kanipa na asante juu.

Nitarekebisha kimyakimya. Hatajua. Huo ndio urafiki.

Jumamosi, 21 Septemba

Nimefumua mikono yote miwili. Mishono yake imekaza kama mlango wa benki, imenimalizia wembe. Nimeirudisha inavyotakiwa: kulia kulia, kushoto kushoto. Cherehani yangu ya miguu imelia lakini imefanya. Nikaliacha vilevile lilivyo, kwa ndani, nikapiga pasi mishono, nikalikunja.

Mkwe kapita, katazama, kafungua mdomo kama anataka kusema kitu. Nikamwambia asinifundishe kushona, nilianza kabla mama yake hajazaliwa. Kasema asante mama.

Kazi safi. Mtu unasaidia watu na hawajui. Hii ndiyo sifa yangu kubwa, sijisifu.

Alhamisi, 26 Septemba

Sitaki kuandika. Presha inataka.

Mpishi kaenda chumbani kwa Tepe kulivaa, atuonyeshe. Katoka. Mikono imemgeukia nyuma. Hawezi kuileta mbele. Kaja hatua ndogondogo, kifua mbele, viwiko nyuma, kama mtu aliyekamatwa na askari. Alijaribu kushika kikombe, mshono wa kwapa ukalia.

Tepe, na sheria zake, akasema ni mtindo wa kipekee.

Mke wa kinyozi akasema ndiyo, unaonyesha kujiamini.

Mpishi akajitazama kwenye kioo. Akasema taratibu kwamba siku zote za kushona alijiona fundi, kumbe ni mpishi tu, na Jumamosi atavaa gauni lake la siku zote, watu waliomzoea na aproni hawatashangaa. Machozi yakamlengalenga. Akanigeukia mimi, maana mimi ndiye mpole, akasubiri mmh.

Haikuja. Pini nikazitema mkononi.

Nikamwuliza Tepe huo ni mtindo gani, wa kupelekwa mahabusu? Na kwa kuwa mlango umefunguka, yote yakatoka. Kitambaa cha meza. Mto. Shuka lenye pembe tatu. Nikamwambia mke wa kinyozi mfuko ule hata sarafu ingemkimbia. Nikamwambia Mpishi maji ya mumewe yachemkie kichwani kwake, ndiyo atajua yanachemka lini. Mwisho nikasema gauni nimelifumua mimi, kwa sababu yeye kabadilisha mikono, na kama sasa halikai basi chaki yake ndiyo iliyodanganya.

Mpishi kaingia chumbani, kalivua, karudi nalo limegeuzwa ndani nje. Kaliweka kifuani mwangu. Akaniuliza mkono wa kulia unaangukia wapi. Nikamwonyesha. Akalichukua, akaligeuza upande wa kuvaa mbele ya macho yangu, akaliweka tena. Akaniuliza, na sasa?

Sasa ulikuwa upande mwingine.

Nguo ukiigeuza ndani nje, kulia kunakuwa kushoto. Kila mtu anajua. Hata mimi najua. Nilikuwa na pini mdomoni, mtu hafikirii vizuri akiwa na chuma mdomoni.

Tepe kanifungulia geti yeye mwenyewe. Mpishi alikuwa anakunja gauni, hakuinua kichwa.

Nimekunywa chai. Maji ya vijiko.

Ijumaa, 27 Septemba

Asubuhi mlango umegongwa kama wa mdaiwa. Mpishi. Hakusalimia. Kapita mpaka kwenye cherehani yangu, kakaa kwenye kiti changu, kanitupia mkono mmoja wa gauni mapajani.

Akasema fumua.

Tukafumua. Yeye wake, mimi wangu. Akaanza kunisema. Jamani, huyu mwanamke ana kipaji. Kasema mimi ni mtu mzima hovyo. Kasema macho ninayo ila nayatumia kukagulia wengine. Kasema Alhamisi zote zile amenimwagia ya moyoni mwake, ya mumewe na ya watoto, kumbe anazungumza na kabati, tena kabati linalosema mmh. Kama alitaka kabati analo nyumbani, tena lina kioo.

Nikamwambia kabati lake halingemfumulia gauni. Akasema ndiyo maana analipenda.

Nikacheka. Nilijizuia, sikuweza. Naye mabega yakaanza kutingishika kama siku ile ya upepo.

Nikaona nimalizie kabisa. Nikamwambia na kola imelala. Akaitazama. Akasema kola inabaki hivyo hivyo, na nikiigusa ananichoma sindano. Kisha akaniambia ulimi wangu ni wembe, lakini angalau ni ulimi.

Mkwe kaleta chai, katukuta tunagombana kuhusu pindo. Sijamwona akitabasamu hivyo tangu harusi yake. Nikamwambia sukari kidogo. Mpishi akasema imezidi. Tukagombana na hilo.

Jumamosi, 28 Septemba

Mpishi kanilazimisha niende naye mahafalini. Ukumbi umejaa, viti vya plastiki, mgongo wangu unauliza tunaondoka lini. Binti alipoitwa jina, Mpishi alinyanyua mikono yote miwili juu akapiga makofi. Juu kabisa. Mishono ya kwapa haikulia.

Wakapiga picha. Mpiga picha akamwambia mama sogea karibu na mwanao. Mama. Hakusema zaidi, lakini Mpishi alinitafuta kwa macho kwenye umati mpaka akaniona.

Nikamwambia kwa mbali, kwa midomo: kola.

Akanionyesha ngumi.

Jumatano, 2 Oktoba

Mkwe kaniuliza siri ya kupata rafiki kwa haraka hivi. Nimemwambia ni upole. Watu wanapenda mtu mpole, asiyeingilia mambo ya wenzake, anayejua kusikiliza. Nikamwambia ajifunze. Kajikohoza muda mrefu, nadhani ni vumbi, maana hafagii chini ya kabati.

Leo Mpishi kanialika kwake. Kasema kushona kumetosha kwa sasa, sasa anafuma sweta, kama najua kufuma tufume wote. Nimemwambia nimefuma tangu sijaota meno ya utu uzima. Kwa kweli sijawahi kushika hivyo vijiti. Lakini ni uzi na vijiti viwili, cherehani ina vyuma mia.

Akaenda jikoni kumzuia mumewe na maji. Kaacha sweta yake kitini, imefika nusu ya mgongo. Nikaitazama. Upande wa nje laini, upande wa ndani vinundu tupu, kama ngozi ya mtu mwenye baridi. Nikajua kakosea. Nikasema kabla hajarudi nimwekee sawa hapo mwanzoni tu, padogo. Nikavuta uzi.

Huo uzi haujui kusimama.

Sasa niko nyumbani, mkoba wangu umevimba, una ile sweta yote ndani ila haina umbo. Mpishi kapiga simu anaulizia kama nimeiona. Nimemwambia itakuwa paka.

Hana paka. Kesho nitamtafutia.