Sheria Tatu za Vitenzi na Kofia ya Mjomba

Jumatatu, 6 Januari

Nimegundua sheria! Tatu kwa mpigo! Ukungu umeifunika Lucknow tangu alfajiri, mnara wa msikiti wa jirani hauonekani. Nilikuwa chini ya blanketi nikinyambua vitenzi vya Kiurdu kwa sauti, ndipo ikanijia. Vitenzi vyetu havibadiliki ovyo. Sauti zake zina adabu. Tena adabu za watu wa Lucknow!

Sheria ya kwanza. Kitenzi kikibebeshwa mkia mzito nyuma, sauti ndefu ya mbele inajibana. Jaagna ni kuamka. Ukitaka kuamsha, unasema jagaana: mkia umepanda, ile "aa" ya mbele imejikunja ikawa "a" fupi. Dekhna, kuona, inazaa dikhaana, kuonyesha. Ni kama riksho: bibi akipanda, wajukuu wanajibana. Sheria ya pili. Irabu mbili zikikutana mlangoni, kila moja inamwambia mwenzake wewe kwanza, na hakuna inayoingia. Basi "y" inakuja katikati kuzikaribisha. Khaana ni kula. Shina ni khaa, mkia ni a, lakini alikula ni khaaya. Sheria ya tatu ndiyo tamu kuliko zote. Naificha hata humu shajarani. Mji huu una macho.

Nimezigundua kwa wakati wake. Begum Tasneem Ara, mwenyekiti wa jumuiya ya lugha ya mtaa wetu, anatafuta mwalimu wa darasa la jioni, la wajukuu waliorudi kutoka ng'ambo. Wa kwake, aliyekulia Toronto, alitaka kusema anamlaza mtoto. Kulala ni sona, kulaza ni sulaana; yeye akasema sonaana. Begum alipaliwa na tambuu, ikabidi apigwe mgongoni.

Wagombea watazungumza Jumamosi. Lazima nishinde. Dada Qudsia, ambaye ndiye anayenilisha, ametangaza kwamba nikikosa kazi hii nitapelekwa Kanpur kwa mumewe, shemeji Tanvir, nikauze viatu dukani. Kanpur! Kule watu wanaingia mlangoni bila hata kuulizana nani atangulie.

Jumanne, 7 Januari

Nina mpinzani. Wajahat Mirza! Yule yule tuliyesoma naye, aliyekuwa akinipa nafasi yake kwenye foleni ya maji.

Nilimkuta asubuhi kwa muuza nimish, lile povu la maziwa la baridi. Bakuli moja tu lilikuwa limebaki. Nikasukuma watu, nikalishika. Wajahat akanipongeza! Akasema amefurahi limeangukia mikono inayostahili, akamwomba muuzaji aniongezee lozi. Kisha akaniambia amesikia nami nagombea, na kwamba kama si mama yake kumlazimisha asingethubutu kusimama ukumbi mmoja na mimi. Utamchukiaje mtu wa namna hiyo? Nimejitahidi. Hadi adhuhuri nilikuwa nimefaulu.

Dada anasema Wajahat ni kijana mzuri. Nikamuuliza mdogo wake ni nani hapa. Akajibu, "Wewe ndiwe mdogo wangu, ndiyo maana nasema kwa uchungu."

Nimepata mpango. Mzungumzaji hapimwi kwa maneno yake, anapimwa kwa kelele za wasikilizaji. Katika baraza la mashairi, ubeti ukiwakuna watu wanapiga ukelele wa "wah, wah!" Ukiwakuna zaidi wanaita "mukarrar!", yaani kariri, rudia tena, na mshairi anarudia. Hakuna heshima kubwa kuliko hiyo. Kwa nini mashairi tu? Kwa nini vitenzi visiitiwe mukarrar?

Nahitaji wapiga kelele.

Alhamisi, 9 Januari

Nimewapata! Chunnan, fundi wa tiara, na wenzake wa darini, wanaokatiana nyuzi za tiara kila jioni na kutukanana kutoka paa hadi paa. Mapafu yao ni ya chuma. Ujira: kababu, washibe.

Chunnan akaniuliza nitasoma mashairi gani. Nikamwambia si mashairi, ni sheria za sauti katika unyambuaji. Akanitazama sana. Akasema, "Bwana, sisi tukilipwa kababu tunalia hata msibani pa jogoo. Tuambie tu wapi pa kupigia kelele."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Hawajui kitenzi ni nini, watajuaje pazuri? Nikawapa ishara mbili. Nikiinua nyusi, "wah, wah!" Nikigusa kofia, "mukarrar!" Rahisi. Tukafanya mazoezi darini. Niliinua nyusi, kimya. Chunnan akalalamika kwamba kwa nyusi zangu hizi mtu hawezi kujua zimeinuka au zimeshuka. Tukaacha nyusi. Imebaki kofia peke yake.

Nikagusa kofia. Wallahi, njiwa wa mtaa mzima waliruka! Bibi mmoja ng'ambo ya pili alitoa kichwa dirishani akauliza nani kafa.

Ijumaa, 10 Januari

Kofia yangu ni ya kitoto. Mwalimu anatakiwa aonekane mzito. Nimefungua sanduku nikatoa kofia ya marehemu mjomba, nyeusi, ya mahameli, yenye ukingo wa nyuzi za fedha. Mjomba alikuwa na kichwa kikubwa, cha elimu na cha kawaida.

Dada Qudsia akasema inanifika masikioni. Nikasema ndivyo wanavyovaa wasomi. Akasema niweke hata gazeti ndani ibane. Gazeti kwenye kofia ya mjomba! Nikakataa. Badala yake nimepaka nywele mafuta ya kutosha, ili zilale vizuri, zisiisukume.

Dada kamwita shemeji Tanvir kutoka Kanpur aje kesho kusikiliza. Eti nikishindwa asipoteze nauli, anichukue pale pale. Mapenzi ya ndugu hayo!

Nikapita makusudi mbele ya nyumba ya Wajahat nikiimba. Akatoka kunikaribisha chai. Nilikunywa vikombe viwili ili kumtia hasara.

Jumamosi, 11 Januari

Sina hamu ya kuandika. Naandika hivyo hivyo.

Ukumbi ulijaa. Begum Tasneem Ara mbele, kisanduku cha tambuu mapajani. Shemeji Tanvir nyuma, kajifunga skafu kama aliyekuja kununua ng'ombe. Chunnan na wenzake katikati, midomo inang'aa mafuta ya kababu. Utaratibu ulikuwa hivi: mimi nizungumze hadi adhana ya alasiri, Wajahat baada ya hapo. Tulipofika jukwaani Wajahat akasema nitangulie. Nikasema atangulie. Akasema haiwezekani. Tulisimama pale hadi Begum akagonga fimbo.

Nikaanza. Sauti yangu ilikuwa nzuri, nasema kweli. Nikaitoa sheria ya kwanza. Jaagna, jagaana! Bibi kapanda riksho, wajukuu wanajibana! Watu wakacheka. Begum akatikisa kichwa kwa raha. Nikagusa kofia, mara moja, taratibu, kama tulivyopanga.

"Mukarrar!" Ukumbi ulitetemeka. Shemeji alishika ukuta.

Nikarudia. Utamu ulioje! Wakati narudia, kofia ya mjomba ikateleza juu ya mafuta, ikaja hadi kwenye nyusi. Nikaisukuma irudi.

"Mukarrar!"

Nikarudia tena. Huwezi kukataa. Katika mji huu anayeombwa kukariri akakataa hata mtoto wake hataposwa. Kofia ikashuka. Nikaipandisha. "Mukarrar!" Jaagna, jagaana. Bibi kapanda. Wajukuu wanajibana. Ikateleza upande wa sikio. Nikaidaka. "Mukarrar, ustadhi, mukarrar!" Nikamkazia macho Chunnan anyamaze. Akadhani namhimiza. Akasimama juu ya kiti!

Nikajaribu kuruka haraka hadi sheria ya pili. Nikasema, "Irabu mbili zikikutana mlangoni," na kofia ikanifunika macho. Nikaishika kwa mikono yote miwili. Sijawahi kusikia kelele kama ile. Sasa hata watu ambao sikuwalisha chochote walikuwa wanaitikia, na kila nilipofika kwa bibi, ukumbi mzima ulimalizia kwamba wajukuu wanajibana. Begum alikuwa akifuta machozi. Mjukuu wa Toronto alikuwa akipiga makofi.

Kuvua kofia? Nililiwaza hilo. Mbele ya Begum, kichwa wazi, nywele zinadondoka mafuta? Afadhali Kanpur.

Kisha adhana. Sheria moja! Sheria moja kati ya tatu!

Wajahat akapanda. Akasema neno fupi juu ya namna atakavyofundisha, akajibu maswali mawili, akashukuru, akashuka. Muda wake haukuwa umefika hata nusu. Ukumbi ulishangaa. Begum akageuka kwa jirani yake akanong'ona, kwa sauti ya kusikika hadi uani, "Amemaliza! Miaka yote niliyokaa jumuiya hii, sijawahi kumwona mtu akimaliza."

Kazi amepewa Wajahat. Mimi Begum aliniita karibu, akanipa tambuu kwa mkono wake, akasema mtu anayependwa na umma kiasi hiki itakuwa dhambi kumfungia darasani.

Shemeji Tanvir ndiye aliyenimaliza. Amefurahi! Anasema miaka yote anatafuta mtu anayeweza kusimama mlangoni pa duka na kurudia jambo lile lile mchana kutwa bila kuchoka, na watu wakiomba zaidi. Treni ni kesho kutwa.

Jumapili, 12 Januari

Nimelia kidogo. Baridi inaumiza macho.

Chunnan alikuja kuuliza kama kazi waliifanya vizuri. Nikamwambia maji yalizidi unga. Akasema yeye aliitazama kofia tu, na kofia haikutulia. Kisha akauliza kama zilibaki kababu.

Dada Qudsia hakunicheka. Hilo ndilo lililoniuma. Alikaa pembeni ya kitanda akikunja fulana zangu, akasema tu, "Mchimba kisima huingia mwenyewe, mdogo wangu." Kisha akafunga achari ya embe ndani ya nguo, ya njiani, akasema Kanpur si mwisho wa dunia. Alikuwa anaangalia dirishani aliposema hivyo. Nampenda sana dada yangu, lakini uongo haujui.

Sheria ya tatu naiandika hapa, maana hakuna tena wa kuiiba. Mkia unaoanza na irabu ukiingia kwenye kitenzi, mara nyingine irabu fupi iliyokuwa imekaa katikati inainuka na kumpisha mgeni. Nikalna ni kutoka. Shina lake ni nikal, lakini "alitoka" si nikala. Ni nikla. Ile "a" ya katikati imeondoka kimya kimya ili mwingine akae. Sheria nzuri kuliko zote, na ukumbi mzima hakuna aliyeisikia. Kesho mimi nikla.

Njiani kwenda kununua tikiti, watoto wa mtaani walikuwa wanapanda riksho wakiimba kwamba bibi kapanda, wajukuu wanajibana. Mmoja akanyoosha kidole akasema ndiye yule. Nikatembea polepole kidogo, wanione vizuri.

Jumatano, 22 Januari. Kanpur

Kikohozi. Tangu nishuke kwenye treni. Vumbi la ngozi, gundi, moshi. Nikisema sentensi moja nakohoa mara mbili. Daktari wa hapa kasema ni kawaida, ni kuzoea tu. Hakusema ni nani atamzoea mwenzake, mimi au kikohozi.

Nasimama mlangoni natangaza ndara. Wateja wanaingia bila kuulizana nani atangulie. Juzi mmoja alinikanyaga, sikuombwa radhi. Hata sauti za vitenzi hapa nadhani zinasukumana.

Lakini leo! Leo simu imelia. Wajahat! Darasa limeanza, wanafunzi wote wanaijua sheria ya kwanza kwa moyo, hata mjukuu wa Toronto hasemi tena sonaana. Sasa wanauliza sheria nyingine mbili ziko wapi, naye amewaambia hawezi kuzifundisha, zina mwenyewe. Amezungumza na Begum. Nikienda Jumamosi ijayo nikazieleza zote mbili, kwa utulivu, mwanzo hadi mwisho, kuna nafasi ya mwalimu wa pili. Ya kudumu. Chumba cha darasa kina roshani inayotazama soko.

Nilikohoa tu. Wajahat akasubiri kikohozi kiishe, kisha akaniuliza kama nakunywa tangawizi.

Nimempigia dada Qudsia, akapiga kigelegele, kisha akanisihi nisiongeze kitu chochote, niende kama nilivyo, nizungumze, nishuke. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nimeshajua kosa lilikuwa wapi.

Kosa lilikuwa kofia. Kofia haiaminiki. Inateleza, ina akili zake. Kwa hiyo nimempigia Chunnan papo hapo. Aje na vijana wote, na wale wa dari ya pili pia. Kababu juu yangu. Na ishara nimebadilisha, safari hii ni kitu kilicho ndani ya mwili wangu mwenyewe, kitu ninachokitawala kabisa.

Wasiitazame kofia hata kidogo, nimemwambia. Wasubiri nikohoe.