Wageni Wataliwa Saa Saba

Jumatatu, 3 Machi
Nafasi mapokezini! Bosi katangaza: Jumamosi atateua mmoja wetu, anayejua Kiingereza. Miaka sita natandika vitanda vya hoteli hii, mgongo umepinda kama mundu. Mshindani mmoja tu: binti wa shangazi yangu, mkata mboga wa jikoni. Tunamwita Kamusi. Hata chafya anapiga kwa sarufi.

Jumanne, 4 Machi
Lifti imekufa. Nikawahi kubandika tangazo: "The lift has breaked." Wageni wakalipiga picha. Wamependezwa! Kamusi akapita, akasema ni "broken". Vitenzi vingine havitaki "-ed", shurti vikaririwe kimoja kimoja. Nikamwambia asante, dada. Moyoni nikamwambia mengine.

Jumatano, 5 Machi
Nimegundua siri! Broken, taken, beaten, eaten. Zote "-en"! Na akariri mwenye shida.

Alhamisi, 6 Machi
Wageni thelathini wa mkutano. Bosi akataka tangazo mlangoni pa chumba cha chakula: watakula saa saba. Nikamsogeza Kamusi kwa kiwiko, kwa adabu, nikaandika kwa wino mwekundu: "ALL GUESTS WILL BE EATEN AT ONE."

Saa saba, meza tupu. Supu ikapoa. Akaja mzee mmoja tu, kuuliza kama tunaanza na wanene. Kamusi akamfafanulia Bosi: nimeandika kwamba wageni wataliwa. Kiherehere huyo! Bosi anataka barua ya kujieleza kesho asubuhi, kwa Kiingereza. La sivyo, nifungashe virago.

Ijumaa, 7 Machi
"-en" imenisaliti. Nimehamia "-ing". Nikaandika jinsi nilivyochukizwa na kosa langu: "Dear Madam, I am disgusting." Kamusi akachungulia, akashika kichwa. Akasema niweke "disgusted", ndiyo mwenye kuchukizwa. Hiyo yangu ni mwenye kuchukiza. Akanisihi: kaka, nakuomba, utafukuzwa. Machozi yanamlenga. Wivu ni kitu kibaya! Nikaipeleka vilevile.

Jumamosi, 8 Machi
Kamusi kapewa mapokezi. Nasikia alinipigia magoti kwa Bosi nisifukuzwe, hekaya tu. Mimi nimehamishiwa chumba cha kufulia. Upendeleo mtupu!

Lakini barua yangu! Bosi aliisoma mbele ya wafanyakazi wote. Alipomaliza sentensi ya kwanza akavua miwani, akasema kwa miaka sita hajapata kusikia kutoka kwangu neno la kweli kama hilo. Watu wakapiga makofi mpaka wengine wakakaa chini.

Kamusi hajawahi kusifiwa hivyo. Jumatatu naanza kuwafundisha wafuaji.