Kipepeo wa Ukutani kwa Mama Mkwe

Jumatano, 8 Mei

Mama mkwe amepigilia msumari mpya sebuleni. Jumapili baada ya kanisa atachagua picha ya kipepeo aitundike: yangu au ya Shanlang, kaka wa mke wangu. Ukuta mzima tayari ni picha alizopiga Shanlang! Kwa desturi yetu sisi Wakhasi, mume huhamia kwa mkewe, na kaka wa mke akija ndiye mwenye sauti. Tangu harusi, mpaka leo tuna mtoto wetu Wanri, nalala hapa, nakula hapa, wala hakuna kitu humu ndani mtu anaweza kusema hiki ni changu mimi, Kitbok. Inauma.

Nimeazima lenzi ndefu ya kamera, ya kuvuta vitu vya mbali. Nikaisogeza mpaka usoni pa kipepeo. Ukungu mtupu! Shanlang akacheka, eti, "Shemeji, rudi nyuma, hiyo si miwani!" Nirudi nyuma ili yeye apite mbele? Sirudi.

Alhamisi, 9 Mei

Akili imenijia. Vipepeo wa huku wanapenda uvundo. Nikachota tungtap ya mama mkwe, ile chachandu ya samaki waliovundikwa, nikaipaka kwenye mawe kijitoni. Wakaja nzi. Akaja mbwa wa jirani, akaramba mawe yote pamoja na kofia yangu.

Jioni mama mkwe akauliza nani kamaliza tungtap yake. Nikasema paka. Mke wangu akauliza paka yupi. Hatuna paka.

Jumamosi, 11 Mei

Leo nimejipaka mwenyewe, mikono yote miwili! Nikakaa juani kando ya kijito, nanuka mpaka najionea aibu. Akashuka yule kipepeo mkubwa wa kijani, ambaye kila siku tunamwona vileleni tu. Akatua mkononi mwangu! Nikainua lenzi kwa mkono wa pili. Ukungu. Inataka umbali, na mkono wangu mwenyewe nitaukimbiaje?

Ng'ambo ya kijito nikamsikia Shanlang ananong'ona: "Tulia, shemeji. Usipumue."

Nikaacha kuhangaika. Ulimi mwembamba wa kipepeo ulikuwa unanigusa ngozi, taratibu. Sijui nilikaa vile muda gani. Sikumwonea mtu wivu. Nilifurahi tu.

Jumapili, 12 Mei

Ameshinda Shanlang. Picha yake ni kipepeo mkononi mwangu, na nyuma yake uso wangu, mdomo wazi. Mama mkwe akaitazama sana mikono yangu inayong'aa tungtap pichani, akasema kumbe paka ndiye huyu. Wote wakaangua kicheko. Kisha akaitundika picha mwenyewe, akanigeukia: "Haya, Baba Wanri. Sasa nawe umo humu."

Machozi yalinilengalenga. Mke wangu akanipakulia nyama ya nguruwe iliyonona.

Lakini nimekaa nimefikiri. Sura yangu, halafu sifa za Shanlang! Kando ya mlango pana nafasi ya msumari mwingine. Nimemwomba mwenye lenzi aniachie wiki moja zaidi. Kosa langu nimeshaligundua: sikusogea karibu vya kutosha.