Dubu Alivyonikuta Chini ya Meza

Leo nimeadhirika mbele ya dubu.

Sio dubu wa porini. Wa porini angenila, tungemalizana. Huyu ni dubu wa kuvaa, mtu mzima kajitia ndani ya manyoya, analipwa kuchekesha watoto wa wenzake. Naandika huku uso bado unawaka. Mkitaka kucheka chekeni kimya kimya, maana nyinyi binamu zangu nawajua, mkianza nitawasikia mpaka huku ng'ambo, Scarborough.

Twende taratibu.

Mnamjua Kayla. (Hammjui, ila nimewaandikia habari zake mpaka mmechoka.) Ndiye rafiki yangu wa shule. Sikusema mmoja wa marafiki. Nimesema rafiki. Wengine wote nawaangalia, wananiangalia, basi, mwaka unaisha. Kwa kina Kayla wana kijumba cha mbao kando ya ziwa, na kila mwezi wa nane wanakwenda kukaa huko wiki nzima. Kayla anataka niende nao. Mimi nataka kwenda kuliko ninavyotaka kupumua. Juzi akaninong'oneza darasani: "Mama anataka kushinda na wewe siku moja kwanza. Halafu ataamua."

Siku yenyewe ndiyo leo. Mahali penyewe bustani kubwa ya michezo nje ya jiji, ile yenye treni za kukupandisha mpaka mawinguni halafu zinakumwaga.

Sasa mama yangu. Jana kanikalisha jikoni kama vile naolewa.

"Dori, unakwenda na watu. Usinitie aibu. Wakikukaribisha chakula unafanyaje?"

"Nakataa."

"Wakikukaribisha tena?"

"Nakataa, kwa tabasamu."

"Na mara ya tatu?"

"Nakubali, lakini kidogo."

"Haya. Wasije wakasema kwetu kuna njaa."

Msijifanye hamjui, nyote mmelelewa hivyo hivyo. Mtu hawezi kuambiwa "karibu chakula" akavuta kiti hapo hapo. Unasema umeshiba. Mwenye nyumba anasema haiwezekani. Unasema kweli, nimetoka kula sasa hivi. Anasema basi onja tu. Unaonja sahani mbili. Kila mtu anajua mwenzake anadanganya, na maisha yanaendelea.

Tatizo, hakuna aliyemwambia Mama Kayla.

Asubuhi Mama akanipa mkoba. Ndani, sweta. Ndani ya sweta, chapati na mayai ya kuchemsha, yameshamenywa.

"Mama, kule wanakataza chakula cha nje!"

"Ndiyo maana nimekifunga kwenye sweta."

Mlinzi wa getini akaubonyeza mkoba. "Hii nini?" Nikasema sweta. (Sikudanganya. Sweta ilikuwepo.) Akanipitisha.

Mpaka hapo nilikuwa sijala kitu tangu kulipokucha, kwa woga. Na woga wenyewe ulikuwa wa jambo la kipuuzi. Mama Kayla alipofika kunichukua alisema, "Niite Donna." Nimwite Donna! Mama mzima! Nimwite kama naita paka! Sikuweza. Kwa hiyo asubuhi nzima sikumwita kitu. Nikitaka kumwambia jambo, nilikuwa nasimama karibu yake na kusubiri ageuke. Mara moja nilisubiri mpaka Baba Kayla akadhani nimepotea.

Tukapanda treni zao. Tukapiga kelele. Nikasahau aibu kidogo. Kufika mchana, njaa ikafika nayo, tena ilikuja na mizigo yake yote.

"Tukale!" akasema Baba Kayla.

Nikadhani tunakwenda kwenye vile vibanda vya foleni, unapewa soseji unakula umesimama. Wapi! Wakatuingiza kwenye mkahawa wa kukaa kabisa, una wahudumu wenye tai, na vitambaa vya meza vya mirabamiraba vimeshuka mpaka sakafuni. (Kikumbukeni hicho kitambaa.) Nikawekwa ndani kabisa, ukutani, Kayla ubavuni mwangu, wazazi wake mbele yetu.

Menyu ikaja. Ina picha! Nikamwona kuku wa kukaanga, ana sosi ya asali, viazi vimemzunguka kama wapambe. Nikampenda papo hapo.

"Doreen, agiza chochote," akasema Mama Kayla. "Leo wewe ni mgeni wetu." (Wanaongea Kiingereza, nawatafsiria.)

Mara ya kwanza hiyo. Nikajiweka sawa.

"Asante, mimi nimeshiba."

"Una hakika?"

Ya pili! Mambo yanakwenda vizuri. "Kabisa," nikasema, na tabasamu nikaweka kama nilivyofundishwa. Nikavuta pumzi nikimsubiri yule kuku.

"Sawa!" akasema Mama Kayla.

Sawa?

Sawa gani?

Mhudumu akanyoosha mkono akachukua menyu yangu. Nikaing'ang'ania kidogo. Akaivuta. Nikaiachia. Kuku akaondoka na picha yake.

Vyakula vikaja. Baba Kayla kaletewa mbavu, Mama Kayla samaki, na Kayla (jamani) kaletewa kuku wangu. Mimi nikaletewa maji. Nilivyokuwa nayanywa kwa uchungu, mhudumu akadhani nina kiu, akawa kila akipita anaongeza.

Kayla akaniuliza, mdomo umejaa, "Kweli hutaki?"

Ya tatu! Lakini nikasita. Karibisho la mtoto mwenzio linahesabika? Mama hakufundisha hilo. Nilipokuwa bado natafakari, Kayla alikuwa ameshageukia paja la kuku.

Tumbo likanguruma. Si kidogo. Baba Kayla akaangalia dirishani.

"Naona mvua inakuja," akasema.

Hapo ndipo nikakumbuka sweta.

Chooni? Kula chooni hapana, hata njaa ina heshima yake. Halafu kutoka pale ukutani ingebidi Kayla ainuke, watu watazame, na mimi nikitazamwa nasahau kutembea. Nikaangusha uma.

"Lo, uma!" nikasema, nikazama chini ya meza.

Chini kule kuzuri, nawaambia! Kitambaa kimeziba pande zote, kama hema. Nikafungua sweta, nikamega chapati, nikafungia kipande cha yai, nikameza bila kutafuna. Nikapanda juu na uma wangu. Hakuna aliyenitilia shaka.

Nikaangusha kitambaa cha mikono. Nikazama tena.

Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na cha kuandika. Lakini tumbo likishaonja halisikii. Mara ya tatu nikaangusha sijui nini, sikumbuki hata kama nilisema. Nikakaa kabisa, miguu nimekunja, chapati mkono huu, yai mkono huu. Juu nasikia muziki umeanza, watoto wanapiga mayowe, nikasema hayo ni yao.

Kumbe mkahawa ule una dubu. Kazi yake kupita meza kwa meza akinusanusa, anajifanya anatafuta chakula cha kuiba. Nyuma yake anafuata mpiga picha. Na mayai ya kuchemsha, nyinyi mnayajua, yakikaa kwenye sweta tangu asubuhi.

Nikaona miguu. Mikubwa, ya manyoya. Ikasimama mbele ya meza yetu.

"Huyu dubu kweli amenusa kitu!" akasema Baba Kayla, anacheka.

Nikafanya kosa la kutaka kuficha ushahidi. Yai lilikuwa zima. Nikalitia mdomoni lote.

Kitambaa kikafunuliwa.

Sura ya dubu, pale! Pua kwa pua! Nikapiga ukelele, na ukelele haupiti kwenye yai, kwa hiyo yai likatangulia. Likaruka. Likampiga dubu puani, paa! Taa ya kamera ikamulika.

Mkahawa mzima ukapiga makofi. Walidhani mimi ni sehemu ya onyesho!

Dubu akainama karibu, nikafumba macho. Ndani kabisa ya manyoya ikatoka sauti ya kijana, ya chini chini:

"Wee siste! Hiyo ni chapo?"

Chapati anaiita chapo: Mkenya! Nimesafirishwa kuvuka bahari nije kufumaniwa na jirani! Nikaitikia kwa kichwa. Akapumua kwa huzuni ya mtu aliye mbali na mama yake, akanishushia kitambaa polepole, kama mtu anayefunika maiti. Dubu muungwana. Kina Kayla, kutoka juu ya meza, waliona mgongo wake tu, lakini picha ilikuwa imeshapigwa.

Mnajua bustani hizi wanafanya nini na picha? Wanazitundika njiani mwa kutokea, kwenye vioo vikubwa vya televisheni, ili mnunue. Tunatoka, nakutana na mimi. Nina ukubwa wa mlango. Mashavu yamevimba, macho yamenitoka, yai liko hewani. Familia tusizozijua zimesimama zinaninyooshea vidole. Kayla akacheka mpaka akakaa chini. Mama Kayla hakucheka.

"Doreen, ulikuwa na njaa?"

"Hapana, asante."

(Mdomo wangu huu! Siutumi, unajituma wenyewe.)

Tukaingia kwenye gari. Nikajua ziwa limekauka. Mara Mama Kayla akageuka kutoka kiti cha mbele.

"Doreen, tumefikiri. Ungependa kuja nasi ziwani mwezi wa nane?"

Jamani. Jambo nililoliombea kwa magoti. Na mdomo wangu, ule ule:

"Asante, msijisumbue."

"Oh," akasema. "Sawa."

Kayla akaniangalia kama nimemzaba kofi, akageukia dirisha lake. Nami nikageukia langu. Njia nzima natafuta jinsi ya kusema, na sijui hata nimwiteje mama wa watu nianze.

Kufika kwetu wakanisindikiza mpaka mlangoni. Mama akafungua, harufu ya pilau ikatoka kabla yake.

"Karibuni! Karibuni chakula!"

"Asante, tumeshakula," akasema Mama Kayla.

"Mmekula nini huko, mabisi? Ingieni."

"Kweli, tumeshiba."

Masikini, alidhani yameisha. Mama alikuwa ameshampokea pochi na kuifungia chumbani. Mgeni asiye na pochi haendi popote. Dakika hiyo hiyo wamekaa, kila mmoja na kilima cha pilau. Baba Kayla akaongeza mara mbili bila kuambiwa. Mama Kayla akala, akatazama sahani, akaona imejazwa tena, akatulia na kijiko hewani.

"Kwani hapa mtu akisema hapana..." Akanitazama. Akautazama mkoba wangu, sweta imechungulia. "Doreen. Pale mkahawani. Ulikuwa unataka kula?"

Nikaisukuma sweta ndani ya mkoba.

"Alikataa?" Mama akauliza.

"Mara mbili."

"Mara mbili tu?" Mama akashika kifua. "Na wewe ukamwacha mtoto?"

Nilitamani kuwe na kitambaa kirefu nizame tena. Lakini Mama Kayla akaweka kijiko chini, akakaa wima.

"Doreen, unataka kuja nasi ziwani?"

Nikamtazama Mama. Uso mkavu kama mwalimu wa zamu.

"Hapana, asante."

"Doreen, unataka kuja nasi ziwani?"

Kayla alikuwa ameshaelewa. Akanikanyaga mguu. Nikamtazama Mama tena. Akainua nyusi: bado moja.

"Msijisumbue," nikasema, jasho linanitoka.

"Doreen! Unataka kuja nasi..."

"NDIYO, AUNTI!"

Nilipiga kelele mpaka jirani wa chini akagonga dari lake. Ila angalau nimepata cha kumwita.

Ningependa kuishia hapo. Lakini Baba Kayla akafungua begi lake, akatoa bahasha, akampa Mama. Aliinunua ile picha! Mama akaiangalia muda mrefu sana. Dubu. Yai. Mimi.

"Dori."

"Abee, Mama."

"Yai zima kwa mpigo? Ndivyo nilivyokulea?"

Sasa imebandikwa mlangoni pa friji, na kila anayetaka maji lazima anione. Mkija kututembelea mtaiona, mtacheka, najua. Lakini mkimaliza kucheka nikawakaribisha chakula, mkaniambia mmeshiba, nitasema sawa.