Lalamiko la Mwokaji Kuhusu Mkate wa Mtama Nyumbani Mwake

Kwa Shemeji yangu Muuguzi,
Chumba cha Afya ya Wanawake,
Zahanati.

Shemeji,

YAH: KUMHARIBU MKE WANGU KWA KUMPA AFYA

Baada ya salamu na heshima zote, natumaini wewe na watoto hamjambo. Mimi sijambo kidogo. Nakuandikia rasmi, kwa wino, kwa sababu kila nikikupigia simu unacheka kabla sijamaliza sentensi.

Unajua kazi yangu ni kuoka mikate. Miaka ishirini na miwili mikono hii imekanda ngano, na mtaa mzima huamka kwa harufu ya tanuri langu. Wahenga walisema mwenye shoka hakosi kuni. Basi njoo umwone mwenye tanuri aliyekosa mkate kwake. Miezi mitatu iliyopita dada yako alikuja kwako kusema kwamba hedhi inampotea, mwili unawaka bila homa, tumbo linajaa na usingizi umemhama. Ulimpima, ukampa dawa na karatasi ya ushauri. Na dawa sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na karatasi, ambayo ameibandika mlangoni mwa jokofu, nayo imeleta haya:

1. Mkate. Ulimwambia ajaribu kuacha ngano kwa muda, aone tumbo litasemaje. Sasa anaoka kwa unga wa mtama na wa muhogo, mayai na mbegu za kitani, tena kwenye trei zangu. Kwa mkate wa kwanza tulizuilia mlango usijifunge. Nilifarijika, nikajua yamekwisha. Wa nne ukaumuka. Aliukata mbele yangu, akanisogezea kipande, akasema, "Onja, baba, hauumi." Nilionja kwa ajili ya uchunguzi. Nilikula vitatu, maana uchunguzi wa kipande kimoja hautoshi.

2. Matembezi. Kila asubuhi nusu saa, na lazima tuongozane. Mimi ndio kwanza natoka tanurini, unga umenijaa hadi kwenye nyusi. Yeye yuko mbele, mimi nyuma nahema. Fundi viatu wa pale kona ameniuliza, "Mzee, umemkosea nini hata anakukimbia hivyo?" Wapo wasionijua walioanza kuniombea msamaha kwake.

3. Kulala mapema. Simu zinalazwa sebuleni, taa inazimwa, hakuna cha kufanya ila kuzungumza. Katika kuzungumza huko nimeambiwa kwamba yale niliyoyaita kisirani kwa miaka miwili yalikuwa jasho. Alikuwa akiamka amelowa, anakwenda kukaa bafuni kwenye ukingo wa beseni la kuogea hadi apoe, asinisumbue, kwa kuwa mimi nawahi kazini. Shemeji, mtu hapewi habari kama hizo bila kuandaliwa. Siku iliyofuata nilitia chumvi mara mbili kwenye unga, na wateja wakarudisha mikate.

4. Furaha. Hili ndilo zito. Zamani tukigombana nilipata sababu ya kwenda kukaa kwa kinyozi hadi jioni. Sasa nikianzisha ugomvi, ananitazama kwa upole kama mgonjwa wa wodini, ananiuliza, "Leo umekunywa maji?" Ugomvi wa mtu mmoja hauendi mbali. Kinyozi ametuma salamu, anauliza kama nimehama.

5. Uasi kazini. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani aliingia dukani, akapita mikate yangu yote, akauliza kama "ule wa mama" upo. Na wakandaji wangu wawili nimewakuta nyuma ya magunia ya ngano, wanatafuna mkate wa mtama. Hawakuona hata aibu. Mmoja alinikatia.

Kwa hiyo naomba uandike karatasi ya pili, yenye muhuri, ukieleza kwamba ushauri wako unawahusu wanawake wote isipokuwa walioolewa na waokaji. Hao waruhusiwe ngano kwa ajili ya amani ya ndoa. Matembezi yao yaishie mlangoni. Na kucheka kusizidi mara mbili kwa siku, baada ya chakula. Ukikataa nitalifikisha shauri kwa mama mkwe, ingawa nasikia naye ameomba nakala ya karatasi.

Msalimie bwana wako, watoto, mpokea wagonjwa pale dirishani, na wote wanaoendelea kupona licha ya maombi yangu.

Ni mimi shemeji yako, mwenye unga na uchungu,
Mume wa dada yako.

Nyongeza: Barua hii imekaa mfukoni siku tano, kwa sababu dada yako amekwenda kumwona mama yenu, na wa kulalamikiwa hayupo. Siku ya kwanza nilikula mkate wangu kwa shangwe ya mtu aliyefunguliwa. Siku ya pili sikumaliza, na tumbo lilinguruma hadi kukacha. Jana nilijifungia jikoni nioke wa mtama, akirudi leo jioni aukute mezani. Umepasuka katikati, na ndani ni uji. Anayekuletea barua hii ni dereva wangu wa mikate. Nimemwambia asiondoke hapo mlangoni bila jibu. Mayai ni mawili au matatu? Malalamiko ya hapo juu yahesabu hayakuandikwa.